Walawi 13: ukoma wa kwenye Biblia ndo huu ukoma tunaoujua? Na kwanini aende kwa kuhani?

Mjomba Wao ameandika:

Heshima kwenu wakuu. Naomba mnisaidie hili maana limenikaa kichwani wiki ya pili sasa. Nina mpwa wangu, binti wa dada, ana miaka 14, ana mbalanga. Ilianzia kwenye vidole ikaja kuzunguka mdomo, sahivi ipo hadi magotini. Hospitali walishatuambia ngozi imepoteza rangi tu, haiumi wala haiambukizi, basi tukawa tunaishi nayo na mtoto anaimba kwaya vizuri tu. Sasa jumapili ya juzijuzi kanisani kwao (kanisa silitaji) mhubiri akasoma Walawi 13, ile ya kipaku cheupe na nywele kugeuka nyeupe, akasema hayo yanaitwa mapigo, na pigo haliingii bila mlango kufunguliwa na dhambi, kwahiyo ukoo ujichunguze. Mtoto hakumtaja jina ila watu si vipofu, shingo zote ziligeukia upande wa kwaya. Toka siku hiyo haendi mazoezi na anavaa mikono mirefu kwenye joto hili.

Mimi sio msomi wa Biblia ila nikasema ngoja niisome mwenyewe hiyo sura ya 13 na ya 14, nimesoma mara tatu na nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Kwanza mstari wa 12 na 13 unasema ukoma ukimfunika mtu mwili mzima toka kichwani hadi miguuni basi huyo ni SAFI. Yaani mwenye kidogo najisi, mwenye kingi safi?? Alafu nguo nayo inapata ukoma, nyumba nayo inapata ukoma, ukuta kabisa. Huo ni ukoma gani sasa? Na kama ni ugonjwa kwanini anapelekwa kwa kuhani na sio kwa tabibu? Na ile kuchinja ndege mmoja na kumwachia mwingine aruke ina maana gani? Naomba wenye kuelewa, matusi pembeni.

Chapakazi amejibu:

Mkuu mbona simpo, ile ilikuwa karantini. Jangwani hakuna maabara hakuna sindano, watu maelfu wanalala kwenye mahema yamebanana, Mungu akawapa kanuni za afya kabla wazungu hawajajua hata kijidudu ni nini. Unafungiwa siku 7, haijaeleweka unaongezewa 7, jumla 14, si ndo tulivyofanya kwenye corona? Nguo inachomwa moto, barakoa juu ya mdomo. Kuhani ndo alikuwa daktari wa kipindi hicho, mambo ya kiroho watu wameyaongezea mbeleni.

Nesi wa Zamu amejibu:

Kaka Mjomba pole sana na mpe pole binti. Nianze na hili la jina maana ndo chanzo cha vurugu yote. Ukoma tunaoutibu sisi unasababishwa na bakteria aliyegunduliwa na daktari Hansen kule Bergen, Norway, mwaka 1873. Huyo bakteria anakula mishipa ya fahamu, dalili yetu kubwa ni baka ambalo HALINA HISIA, ukimgusa mgonjwa na pamba hasikii. Sasa soma Walawi 13 yote uone kama kuna sehemu wanauliza habari ya ganzi. Hakuna. Vidole kukakamaa hakuna, kupofuka hakuna. Wanaangalia rangi, nywele, kama pameingia ndani kuliko ngozi na kama panasambaa ndani ya wiki. Ukoma wa kweli hausambai kwa wiki, unaweza ukakaa mwilini miaka mitano na zaidi ndo uonekane.

Kiebrania wanaita tzaraat. Wale waliotafsiri kwenda Kigiriki wakaweka lepra, ambayo kwa Kigiriki ni ngozi ya magamba magamba tu, ugonjwa wenyewe wa ukoma madaktari wa Kigiriki waliuita elefantiasi (na jina hilo leo ni la matende, jamani majina!). Baadae huko Ulaya yote yakachanganywa, na sisi kwenye Kiswahili tukapokea "ukoma" moja kwa moja. Kwahiyo tzaraat ni kapu, humo ndani inawezekana kuna magonjwa ya magamba, fangasi za kichwani, mbalanga na mengine. Ya kwenye nguo na kuta ni ukungu, kijani au wekundu kama maandiko yenyewe yanavyosema (13:49, 14:37).

Na kwa wanaosoma kimyakimya: ukoma unatibika, dawa ni bure, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na ukishaanza dawa muda mfupi tu huambukizi mtu. Mbalanga ya binti haihusiani kabisa na hayo.

Msoma Vumbi amejibu:

Chapakazi hoja yako ya karantini hata mimi niliishikilia miaka mingi, nikaja kuiacha nilipoanza kusoma jinsi Wayahudi wenyewe walivyoitumia hii sheria. Nisikilize kidogo, ni ndefu.

Angalia 14:36. Mtu ameona madoa ukutani, anaenda kumwita kuhani. Kuhani kabla hajaja anaagiza vyombo vyote vitolewe nje kwanza, ili visije vikawa najisi. Sasa kama tunaogopa maambukizi, hivyo vyombo si vilikuwa humo humo ndani wiki nzima? Mikeka, mablanketi, vyungu, vyote vimelala na huo ukungu. Ila vikitoka dakika moja kabla kuhani hajatamka basi ni safi. Maana yake unajisi hauanzi na kijidudu, unaanza na TAMKO la kuhani. Mishna, ambayo ni mkusanyiko wa sheria za marabi kama mwaka 200 hivi baada ya Kristo, ina kitabu kizima chenye sura 14 juu ya haya mapigo, kinaitwa Negaim, na pale wanauliza Torati inahurumia nini hasa kwenye hii amri, maana mti na nguo na chuma vinaoshwa vinakuwa safi. Jibu ni vyungu vya udongo, maana chungu kikishanajisika hakioshwi, ni kuvunja tu. Yaani Mungu anachelewesha kuhani mlangoni kwa ajili ya sufuria za udongo za mama wa watu.

Haya ingine. Bwana harusi akitokewa na kipaku anapewa siku zake zote 7 za sherehe kwanza ndo akakaguliwe. Sikukuu nayo hivyohivyo, unasubiriwa. Kuna karantini gani duniani inamruhusu mgonjwa amalize harusi kwanza, apeane mikono na kijiji kizima? Na wasio Waisraeli haikuwahusu kabisa, ndo maana Naamani alikuwa na ukoma wake anaongoza jeshi la Shamu na mfalme anaegemea mkono wake wakiingia hekaluni.

Alafu huyo "daktari" wako kuhani, Mishna inasema akiwa hajui kitu anasimamiwa na msomi, msomi anamwambia "sema najisi" naye anasema najisi, anamwambia "sema safi" anasema safi. Na hatoi dawa hata jani. 14:3 inasema kuhani anatoka nje ya marago (kambi yao) anaangalia kama pigo LIMESHAPONA. Amekuta mtu kapona. Kazi yake ni kumrudisha.

Moja la kuchekesha kwetu sisi: Negaim wanasema kipaku king'aavu kwa Mjerumani kinaonekana kimefifia, na kilichofifia kwa Mkushi (mtu mweusi wa kusini mwa Misri) kinaonekana kinang'aa, sababu ya rangi ya ngozi. Rabi Ishmaeli akasema Waisraeli wako kati, si weusi si weupe, kama mti fulani wa rangi ya kahawia kahawia hivi. Miaka 1800 iliyopita watu washajua baka jeupe kwenye ngozi nyeusi linapiga kelele kuliko lilivyo. Marufuku kukagua asubuhi mapema, jioni, siku ya mawingu wala ndani ya nyumba. Sasa huyo mhubiri alikagua saa ngapi, na kwenye taa gani?

Chapakazi amejibu:

Haya ya vyungu umenikamata aisee. Ila mtu si alikaa nje peke yake lakini? Hata kama sababu haikuwa afya.

Msoma Vumbi amejibu:

Alikaa, na inauma, sikatai. 13:45 anararua nguo, nywele anaziacha timutimu, anafunika mdomo wa juu, analia najisi najisi. Hayo yote ni ya MSIBA. Ndivyo walivyofanya wakifiwa. Hiyo barakoa yako sio barakoa mkuu, ni mtu anajiombolezea akiwa hai. Haruni alipomwona dada yake Miriamu kapigwa ukoma alisema asiwe kama aliyekufa (Hesabu 12:12). Na vile vitu vya kumtakasa, mti wa mwerezi, mmea wa hisopo na uzi mwekundu, vinarudi tena Hesabu 19 kwenye maji ya kumtakasa aliyegusa maiti. Msomi wa Kiyahudi Jacob Milgrom alijenga hoja yake hapohapo kwamba mambo yote ya najisi kwenye Walawi yanazunguka kifo, ngozi inayobabuka inafanana na maiti inayooza, na Mungu anayekaa katikati ya marago ni wa uzima, hivi viwili havikai hema moja. Hiyo ndo kiroho yenyewe. Inahusu nani anaonekana na sura ya kifo, haisemi nani kafanya nini gizani.

Na Mjomba, swali lako la mwili mzima kuwa mweupe lina sehemu ya pili, mstari wa 14, ikitokea nyama mbichi ndo anarudi kuwa najisi. Wengi wanaielewa kwamba ngozi ikishamaliza kubadilika yote imetulia, kilichobaki hakipigani tena, na unajisi uko kwenye ile nusu nusu, hai na mfu kwenye ngozi moja. Marabi walikiri ni fumbo. Ila uone sheria yenyewe inavyosema: mtu mweupe mwili mzima anaingia marago kichwa juu.

Sauti ya Nyikani amejibu:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nasoma hapa naona elimu nyingi ila neno linakwepwa. Miriamu alipigwa ukoma kwa kumsema Musa. Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, kwa tamaa ya fedha za Naamani. Mfalme Uzia aliingia hekaluni kufukiza uvumba ambayo si kazi yake, makuhani 80 wakamzuia akakasirika, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso akakaa nyumba ya peke yake hadi kufa (2 Nyakati 26). Watatu hao wote walitenda dhambi. Sasa tukisema ukoma hauna uhusiano na dhambi tunaifuta Biblia ili kufurahisha watu. Mhubiri hakukosea, labda namna alivyosema tu.

Msoma Vumbi amejibu:

Mtumishi umeleta watatu na wote ni wa kweli. Ila angalia, wote watatu Biblia inatuambia dhambi KWANZA alafu pigo. Hakuna hata mmoja ambapo watu waliona pigo wakarudi nyuma kutafuta dhambi. Hiyo barabara ya kurudi nyuma ndo marafiki wa Ayubu waliipita na Mungu akawakasirikia. Na Musa mkono wake uligeuka kama theluji kwenye Kutoka 4, alikuwa kafanya dhambi gani? Naamani? Maandiko yanasema Bwana aliwapa Washami ushindi kwa mkono wake. Wale wanne langoni pa Samaria (2 Wafalme 7) ndo walileta habari njema kwa mji mzima. Na Walawi 13 na 14 yenyewe, mistari zaidi ya mia, hakuna pahala kuhani anamwuliza mtu umefanya nini. Hamuulizi! Anaangalia nywele.

Ni kweli marabi waliweka orodha ya sababu kwenye Talmud, mjadala wao mrefu juu ya Mishna (Arakhin 16a): ulimi mbaya, kumwaga damu, kiapo cha uongo, uzinzi, kiburi, unyang'anyi, uchoyo. Ila iliyobeba uzito kuliko zote ni hiyo ya kwanza, ULIMI. Wanacheza na neno lenyewe, metzora yaani mwenye tzaraat wanasema ni motzi shem ra, anayemtoa mwenzie jina baya. Maimonides, rabi na tabibu wa karne ya 12, akaenda mbali zaidi akasema wala sio ugonjwa wa kawaida, ilikuwa ishara kwa Israeli kuwaonya na umbeya, inaanza kwenye ukuta wa nyumba, asipoacha inaingia kwenye vyombo vya ngozi, asipoacha kwenye nguo, ndo mwishoni mwilini. Kwahiyo mtumishi kama tunataka kuihubiri Walawi 13 kiroho kwa jadi ya wenye kitabu, walengwa ni sisi tuliogeuza shingo kanisani tukaanza kunong'ona ukoo wa nani. Na Miriamu uliyemtaja, kosa lake lilikuwa kumsema Musa kwa ajili ya mke Mkushi, mwanamke mweusi, akageuzwa mweupe kama theluji. Mungu ana utani wake.

Alafu kuna kitu kidogo nakipenda. 14:35 mwenye nyumba anaambiwa amwambie kuhani "naona KAMA pigo". Mishna inasema hata akiwa ni msomi na anajua kwa hakika, asiseme "ni pigo", aseme "kama pigo".

Sauti ya Nyikani amejibu:

Hiyo ya "kama" sijawahi kuiona, nitaisoma. Bado naamini Mungu anaweza kupiga.

Msoma Vumbi amejibu:

Anaweza. Ila kutamka haikuwa kazi ya kila mtu, ndo nachosema.

Binti Mrima amejibu:

Assalaam aleikum, mie Muislamu nimepita tu ila nichangie. Kwetu Qur'an sura Al Imran aya ya 49 nabii Isa anasema kwa idhini ya Mwenyezi Mungu namponya aliyezaliwa kipofu na abrasi, yaani mwenye baras. Kiarabu baras ndo mbalanga hiyo hiyo, ingawa tafsiri zingine za Kiswahili zimeandika wakoma, sasa nanyi pia mna mkorogo huohuo wa majina naona. Mtoto wa watu mwacheni aimbe.

Mwalimu wa Katekisimu amejibu:

Nimechelewa wanangu, nilikuwa shamba. Naona swali la ndege wawili limeachwa na ndo lililonitoa machozi mimi nilipolifundisha mara ya kwanza.

Kuhani anatoka nje ya marago, yeye ndo anamfuata. Ndege wawili hai walio safi, mmoja anachinjwa juu ya maji yanayotiririka ndani ya chungu, maji yaliyo hai wanaita. Yule wa pili anachovywa pamoja na mwerezi na uzi mwekundu na hisopo kwenye damu ya mwenzake, mtu ananyunyiziwa mara 7, alafu ndege anaachiwa uwandani. Fikiria huyo mtu amesimama pale, amekaa peke yake labda mwaka, anamwangalia ndege mwenye damu ya mwenzake kwenye mbawa anapaa. Ni yeye yule. Alikuwa mmoja wa wawili, angeweza kuwa wa kwanza.

Baada ya hapo ananyolewa nywele zote, anaoga, anaingia marago ila siku 7 halali hemani kwake, siku ya 7 ananyolewa tena hadi nyusi. Upara mtupu kama mtoto mchanga. Siku ya 8, na siku ya nane Israeli mtoto wa kiume ndo anatahiriwa, analeta wanakondoo wake, maskini wanapunguziwa, mmoja tu na hua wawili. Kuhani anachukua damu anapaka ncha ya sikio la kuume, kidole gumba cha mkono wa kuume na kidole kikubwa cha mguu wa kuume, kisha mafuta juu yake. Sasa fungueni Walawi 8:23. Nani mwingine alipakwa hivyo hivyo? Haruni na wanawe, siku wanawekwa kuwa makuhani! Katika Torati yote ni hao tu, makuhani na aliyekuwa na ukoma. Mtu aliyelia najisi najisi anarudishwa kwa heshima za kuhani. Huwezi kuniambia hii sura ni ya kufukuza watu, kufukuza kumeandikwa mistari miwili na kurudisha kumepewa mistari zaidi ya thelathini.

Na kwetu Wakristo someni Marko 1:40 mpaka mwisho wa sura. Yesu ANAMGUSA, kabla ya kuponya, kisha anamtuma akajionyeshe kwa kuhani kama Musa alivyoagiza, sheria haikudharauliwa. Ila angalieni mstari wa 45 unavyoishia: yule aliyekuwa nje sasa anazunguka anatangaza, na Yesu ndo hawezi tena kuingia mjini waziwazi, anakaa nje mahali pasipo watu. Wamebadilishana nafasi. Jerome, mtafsiri wa Biblia wa zamani, alipotafsiri Isaya 53:4 kwa Kilatini aliandika tulimdhania "kama mwenye ukoma", kwasababu Kiebrania pale kinatumia neno la ukoo mmoja na pigo la Walawi. Waebrania 13 nayo inasema aliteswa nje ya lango. Haya mhubiri akitaka mahubiri ya Walawi 13 ninayo ya miezi mitatu, aje.

Chapakazi amejibu:

Mwalimu hiyo ya sikio, gumba na mguu sijawahi kusikia popote. Na nimekaa kwenye viti vya kanisa miaka 30.

Mjomba Wao amejibu:

Wakuu sina cha kuwalipa. Jana jioni nilikaa na binti na mama yake uani tukazisoma sura zote mbili pole pole, niliwasomea na ya vyungu na ya Mjerumani na Mkushi. Hakusema sana. Ila tulipofika 13:40, ile ya mwanaume aliyenyonyoka nywele ana upara naye ni safi, akauliza "mjomba, hapa mhubiri mbona aliparuka?" Nikamwambia labda muda ulikuwa umeisha. Akasema hapana, yeye mwenyewe ana upara. Dada yangu akamkemea ila naye kanga iko mdomoni anacheka.

Kwaya bado anasema ataona. Mimi nitaenda kuongea na mhubiri mwenyewe wiki hii, kwa adabu, na ntaanza na neno "kama".

Nesi wa Zamu amejibu:

😂😂 huyo binti mzima kabisa. Kaka ukipata nafasi mnunulie losheni ya kukinga jua, ile sehemu iliyopoteza rangi inaungua haraka, apake mikono na mdomoni kabla ya kutoka, kofia pia. Na mtupe mrejesho wa mhubiri.